Bi Mkubwa Hajui Njia ya Neasden

Siku ya tatu ya msiba wa Nassor, hitma imeshasomwa na wanawake wamebaki kwenye busati wakinywa kahawa na kumtaja marehemu kwa mema, kengele ya mlango wangu ililia. Nilimkuta mwanamke wa Kizungu mwenye mvi, kajitanda mtandio wa maua kichwani kama mtu aliyeelekezwa afanye hivyo, mvua ya Thornton Heath, hapa London, ikimchuruzika mabegani. "Mimi Maureen," alisema, "mtoto wa Nora." Nilimvuta ndani kabla hajamaliza. Mmoja akampa mto, mwingine akampa kikombe, naye akajikalisha chini kwa taabu ile ile ya magoti tunayoijua sote tuliokula chumvi nyingi. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha bafta chembamba kama utepe, kilichokuwa cheupe na sasa kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama yake alikifunga kwenye kitasa cha dirisha la jikoni na hakukifungua mpaka alipokufa. Nilikishika, na machozi ambayo siku ya maziko yalinikatalia yakaja yote kwa mpigo. Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila hunijibu kwa Kiingereza, aliuliza kitambaa hiki kina nini. Nilimwambia ni habari ndefu. Akasema hana haraka, na mimi nikashindwa kumweleza pale mbele za watu, kwa hiyo naandika.

Mwaka wenyewe ni ule wa pili tangu mapinduzi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tuliingia Neasden, mtaa wa London, watu watatu na masanduku mawili: mimi, Shangazi yangu Rukia, na Nassor, mwanawe wa pekee. Habari za nani alikuwa nani kwao nawaachia wengine. Kila Mzanzibari niliyekutana naye London alikuwa na babu mwenye mikarafuu, na kama yote yalikuwa kweli basi kisiwani pasingebaki nafasi ya kusimama mtu. Siku hizi ukitaja Neasden watu hukumbuka lile hekalu la Wahindi, jeupe, lenye minara, ambalo hata mimi nimewapeleka wageni kulitazama. Wakati ule ilikuwa matofali, reli na Waayalandi. Nyumba ya Nora tuliyopanga ilikuwa na ngazi nyembamba kiasi kwamba sanduku la Shangazi lilipandishwa kwa kusukumwa, Nora chini na sisi juu, na huko ndiko walikofahamiana wawili hao, kabla ya salamu, kila mmoja akimtukana mwenzake kwa lugha yake. Chumba chetu mimi na Shangazi kilikuwa na karatasi za ukutani zenye maua ya zambarau, kitanda kimoja kilichozama katikati, na hita ya gesi inayokula sarafu. Nassor alipewa kichumba cha kando ya ngazi kilichokuwa stoo ya mifagio. Harufu ya nyumba ilikuwa kabeji, sabuni ya mche na makaa ya mawe, na mpaka leo nikipita mahali panapopikwa kabeji nasimama kidogo, watu hudhani nimepotea.

Nora mwenyewe hakuzidi miaka thelathini na mitano. Alikuwa mnene wa mikono, mwekundu wa uso, akiitwa Misisi na wapangaji wote ingawa picha ya Mista haikuwapo ukutani. Wiki ya kwanza alitupikia nyama ya nguruwe kwa ukarimu wake wote, na Shangazi akaitazama sahani kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Niliponong'oneza maelezo, Nora hakukasirika. Aliosha mikono, akachukua sufuria mpya kabatini, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini na kumkabidhi Shangazi: hii yako, haijaguswa wala haitaguswa. Ijumaa ilipofika tukashuka jikoni tukakuta samaki. Ijumaa iliyofuata samaki tena. Shangazi akaniambia nimuulize, huyu ni mwenzetu au vipi? Kumbe na wao Wakatoliki siku zile walikuwa hawali nyama Ijumaa. Tangu hapo Ijumaa ikawa ya jiko moja: Nora anakaanga samaki wake mweupe, Shangazi anampaka bizari na ndimu ya chupa, Nora anapiga chafya, na mimi nakaa katikati yao natafsiri maneno ambayo nusu yake hayakuhitaji kutafsiriwa.

Mtu asiyekuwa na haja ya kutafsiriwa alikuwa Nassor, maana hakusema kitu. Nassor niliyemjua mimi kabla ya jela alikuwa mtu wa maneno. Aliweza kukusimulia kwenda kwake sokoni kununua ndizi ukacheka mpaka ukashika ubavu. Mimi alinipa jina la Bi Kelele, na yeye ndiye aliyekuwa na kelele kuliko nyumba nzima. Walimchukua kipindi kile wanachukuliwa watu, akakaa ndani mwaka na zaidi, na alichofanyiwa sikijui, kwa sababu ameingia nacho kaburini. Alipotolewa alikuwa na maneno machache. Melini yakapungua. Neasden yakaisha. Hakuwa bubu, sauti tuliisikia akikohoa. Alikula alichopewa, akavaa alichowekewa, akashinda kwenye daraja la reli akitazama treni, na magharibi akarudi. Nora alitupeleka kwa daktari, mtu mpole, akatoa vidonge vilivyomfanya Nassor alale hata mchana. Siku moja mezani alipiga chafya, sote tukamngoja. Mwislamu akipiga chafya husema alhamdulillahi hata akiwa nusu usingizini, ni kama kupepesa jicho. Nassor alijifuta pua akaendelea kula. Shangazi aliweka kijiko chini, akapanda juu, na nilipomfuata nikamkuta kakaa ukingoni mwa kitanda kajishika mashavu.

"Mimi najua," alisema. "Bi Mkubwa anadai haki yake."

Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa sitaki kukumbuka. Kwetu shamba, upande wa kusini, kiko kisima ndani ya pango, na kisima kina mwenyewe, ndiye tunayemwita Bi Mkubwa. Wanawake wakifika mdomoni mwa pango hupiga hodi, hungoja kidogo, ndipo huteremka. Nassor alipokuwa jela, Shangazi alikwenda pale akaweka nadhiri: mwanangu akitoka mzima nitamleta mwenyewe, nimuoshe miguu kwa maji yako, nikutundikie bafta nyeupe na nikufukizie ubani. Aliporudi mjini akanunua bafta siku ile ile, kwa kuonyesha kwamba hatanii. Nassor akatoka. Na wiki aliyotoka ndiyo wiki tuliyopata njia ya kuondoka, na shamba hakukwendeka. Shangazi alilikunja lile bafta akaliweka chini kabisa ya sanduku, akavuka nalo bahari. Sharti la kisima kila mtoto wa kule analijua: mdomo ulioweka nadhiri ndio utakaoiondoa, na miguu iliyoombewa ndiyo itakayooshwa. Sasa mdomo ulikuwa Neasden, miguu ilikuwa Neasden, na maji yalikuwa kule tusikoweza kurudi.

Ramadhani mwaka ule ilianguka katikati ya baridi. Jua lilizama saa kumi na Shangazi akawa anacheka kwamba hii ni saumu ya kitoto, hata njaa haijapata nafasi ya kuuma. Nora alitaka kufuturu na sisi ingawa hakufunga, na ilikuwa kwenye futari moja, uji wa pilipili manga mezani na mvua dirishani, Shangazi alipomsimulia habari ya kisima. Nafikiri alikuwa amelemewa. Alianza kama anavyosimulia mtu mwenye hakika.

"Mwambie jina lake Mwanakheri. Lakini asilitaje ovyo. Alikuwa msusi wa mikeka, binti wa watu, na maji kijijini kwao yalikuwa ya bwana mmoja. Kisima kimoja tu, na ufunguo kiunoni kwake. Wanawake wakitaka maji wampigie magoti."

Nilitafsiri. Nora alisema mabwana wa namna hiyo anawajua, walikuwapo kwao pia.

"Basi yule bwana akamtaka Mwanakheri. Mwanakheri akasema bora nife kiu. Akakimbia, wakamkimbiza, akaingia pangoni, pango likajifunga. Shuka yake ilinaswa na jiwe mlangoni, ukabaki upindo tu nje. Wanaume wakauvuta, na walipouvuta ndipo maji yakatoka chini yake. Yanatoka mpaka leo. Matamu, wala hayana chumvi, na bahari iko hapo hapo. Yeye hakuonekana tena."

"Na watu wanafunga vitambaa pale," Nora alisema taratibu, si kwa kuuliza.

Shangazi akanigeukia. "Nani kamwambia?"

Hakuambiwa na mtu. Kwao Nora, alikozaliwa, kulikuwa na kisima cha Mtakatifu Brigida, ambaye yeye alimwita Bridi tu kama anayemtaja jirani wa nyumba ya pili. Mti ulioinamia kile kisima ulikuwa umejaa vitambaa vya wagonjwa na wenye haja. Alitusimulia jinsi Bridi alivyomwendea mfalme kuomba ardhi ya kujenga, mfalme akamcheka. Bridi akasema, basi nipe kiasi cha kufunikwa na joho langu. Mfalme akakubali, akaona joho lenyewe dogo. Wasichana wanne wakashika pembe nne wakaenda nazo, na joho likatanuka, likafunika shamba, likafunika kilima, mfalme akabaki anapiga kelele liachwe kuvutwa. Shangazi alicheka mpaka akaweka bakuli chini. "Huyu alikuwa na akili," alisema. "Wetu alikimbia, wao akachukua nchi." Kisha akaongeza neno ambalo nilijua analisema kwa ajili ya masheikh wote waliowahi kumgombeza: "Mwambie lakini anayetoa ni Mungu. Bi Mkubwa ni jirani tu, unampitia mwende pamoja." Nora alipiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka. Alisema hilo ndilo analomwambia padri wake kila mwaka na padri hasikii.

Mimi wakati ule nilijiona msomi. Nilikuwa najifunza kupiga taipu, nina skuna za kisigino na maoni kuhusu mambo ya kizamani. Usiku wenyewe nilimcheka Shangazi. Leo nina umri kupita aliokuwa nao, na nikiwakumbuka wale wanawake wawili juu ya uji uliopoa, kila mmoja akimsifu wake kwa mwenzake kama wanaosifu watoto, nawaonea wivu. Mimi nimeishi karibu miaka sitini katika mji huu na sijapata mahali pa kupiga hodi.

Nora ndiye aliyesema kwamba Bridi ana kisima hapa hapa London, kando ya kanisa moja dogo katikati ya mji, alionyeshwa na mwenzake alipokuja ujana wake. Jumapili baada ya Idi tukaenda, basi mbili na mwendo wa miguu, Nassor akifuata nyuma na kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Shangazi alivaa buibui juu ya koti na bafta kalikumbatia ndani. Mjini hapakuwa na mtu, mabenki yamefungwa, njiwa tu. Nyuma ya kanisa palikuwa na ua wa mawe, na kati ya ua kifuniko cha chuma, duara, kimepata kutu. Nora akafanya ishara ya msalaba. Shangazi akasema hodi, akangoja, kama ada. Kisha Nora akaanza kukizunguka kwa njia yao, kufuata jua, kisima kikiwa mkono wake wa kulia. Shangazi naye akaanza kwa njia anayoijua yeye, ile ya Makka, kisima mkono wa kushoto. Kwa hiyo wakawa wanakutana. Mara ya kwanza kila mmoja alimpisha mwenzake kwa adabu. Mara ya pili wakagongana mabega. Mara ya tatu wakashikwa na kicheko, wanawake wazima, mmoja ana tasbihi na mwingine ana rozari, na kicheko kikawazidi mpaka Shangazi akajishikiza kwenye koti la Nora. Halafu wakaendelea, na sasa kila wakikutana nikasikia Nora anataja jina moja.

"Anamtaja nani?" Shangazi aliniuliza akipita.

Nilimuuliza. Nora hakusimama. Alisema Maureen, mwanangu, ana miaka tisa, yuko kwa mama yangu, na anaambiwa mimi ni dada yake. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika nyumba ile. Nilipomtafsiria Shangazi, aliendelea na mzunguko wake. Walipokutana akamshika Nora mkono. "Mwambie," alisema, "miguu yangu inamzungukia na yeye."

Walipomaliza, Shangazi akainama kwenye kifuniko. "Kinafunguliwa wapi?" Tukamwita mzee mwenye funguo za kanisa. Akaja akitafuna, akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa upole kwamba chini ya hicho hakuna maji. Mji ulichimbwa mno, kwa reli na kwa mabomba, mshipa wa maji ukakatwa tangu zamani za babu yake. Sikutaka kutafsiri, na haikuhitajika. Shangazi alimsoma usoni. Alikaa kwenye benchi la mawe, akatoa lile bafta ndani ya koti, akaliweka mapajani na kulilainisha kwa kiganja. Katika yote yaliyotupata, kule na njiani, sikuwa nimemwona akilia. "Nimemleta," alisema. "Nimemleta mpaka hapa, nimeleta na nguo. Nimuoshe na nini?" Nassor alikuwa kasimama kwenye uzio, katugeuzia mgongo. Nilitamani ageuke tu, hata kama hatasema.

Nora alikaa kando yake. Kwa muda alikuwa mtu anayetafuta kitu kabatini mwa kichwa chake, kisha akaniambia: kesho jioni ni mkesha wa siku ya Bridi. Kwao, usiku ule Bridi hupita nyumba zote. Watu huacha kitambaa nje, juu ya kichaka au dirishani, yeye akipita hukigusa, na umande unaokilowesha ndio maji yake. Mama yake alikuwa nacho kimoja, aliwafunga nacho vichwa na matumbo mwaka mzima. Kisima kikikauka, Nora alisema, yeye hutembea. Shangazi alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho, akafuta uso kwa ncha ya buibui, na swali lake likawa la mtu aliyekwisha kukubali na sasa anapanga safari.

"Huyo wake anajua njia. Lakini nadhiri yangu iko kwa Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa hajui njia ya Neasden. Hajapata hata kutoka shamba."

Nilidhani Nora atacheka. Alifikiri kwa dhati. "Mwambie Bridi atakwenda kumpokea kituoni," alisema. "Mimi nilipokuja hakunipokea mtu. Najua ilivyo. Hatamwacha."

Kesho yake jioni, kabla ya giza kuingia vizuri, walitundika bafta kwenye kamba ya uani, baina ya mwaridi uliopukutika na banda la makaa. Shangazi alifukiza ubani kwenye kijiko cha makaa, ubani wa mwisho tuliotoka nao. Nilifungua dirisha letu kidogo, nikisema nataka hewa. Sikwambii kwamba niliamini. Nataka kusema kwamba nilitega sikio, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu tufike, nikiwa nimelala kwenye kile kitanda kilichozama, London haikunitisha. Nilikuwa naona huko nje kuna mtu wa kwetu anatutafuta, anauliza mlango kwa mlango.

Asubuhi tukakuta bafta limeganda. Si unyevu, si umande, barafu tupu. Lilikuwa gumu kama samaki wa ng'onda, na Shangazi alipolitoa kwenye kamba likabaki na umbo lake, likagoma kupita mlango wa jikoni. Alilibeba kiubavu, Nora akashika ncha ya pili, wakaliingiza kama wanaohamisha meza. Wakaliegemeza karibu na jiko juu ya ile sufuria yenye uzi mwekundu, na tone likaanza kufuata tone. Maji hayakufika hata nusu ya kikombe. Shangazi hakukubali kuyaongeza ya bomba wala kuyapasha. Alimwita Nassor, akamkalisha kwenye kiti cha jikoni, akapiga magoti mbele yake kwenye simiti, akamvua soksi. Nora alisimama kwenye sinki na rozari yake. Mimi nilishika taulo. Shangazi alisoma Fatiha, akamtaja Bi Mkubwa kwa heshima zake, akaomba radhi kwa kuchelewa na kwa mahali, akachota kwa kiganja na kumwagia mguu wa kulia.

Mguu ukaruka.

"Maji baridi, mama," alisema Nassor.

Nilisikia rozari ikigonga sinki. Shangazi hakuinua uso. Wala hakuacha, kwa sababu ulibaki mguu mmoja. "Vumilia, mwanangu," alimwambia. "Si mengi." Akauosha na wa kushoto, akaifuta yote miwili kwa lile bafta, akamvisha soksi. Ndipo akainuka, akafungua mlango, akatoka uani bila viatu, na tukamwacha huko akasimama peke yake. Mjukuu wangu ataniuliza, ni mtakatifu au ni baridi? Mtu yeyote ukimmwagia barafu mguuni atasema kitu. Nimeshajiuliza sana na sijui, na umri huu sioni haja tena ya kujua.

Hakupona siku moja. Alipata neno leo, maneno mawili kesho. Wiki ile akapiga chafya na kusema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, na sote watatu mezani tukajifanya hatukusikia, Nora akainamia viazi vyake macho yamemjaa. Miti ilipoanza kutoa majani nilikuwa napanda ngazi na kile kisigino changu, mtu akasema nyuma ya mlango wa stoo, "Taratibu, Bi Kelele." Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Majira ya joto alipata kazi ya kupanga vifurushi relini, na vuli tulihamia kusini ya mto. Siku ya kuondoka Shangazi alichana ukanda mmoja wa bafta akampa Nora, wa Maureen. Nora akaufunga dirishani mbele yetu, dirisha linaloelekea Ayalandi, alisema, ingawa mimi nilijua linaelekea choo cha jirani. Sasa nimejua mwisho wake. Bibi yake Maureen alipokufa na ukweli kutoka, Maureen alivuka bahari mwenyewe, akabisha hodi mlango wa mama yake, na jikoni akauliza kwa nini kitasa kimefungwa kitambaa.

Shangazi yeye hakutosheka. Alisema yale yalikuwa arubuni tu, deni lenyewe liko palepale, na siku njia ikifunguka watakwenda yeye na miguu ya mwanawe. Njia ilifunguka baada ya miaka mingi, lakini Nassor hakutaka. "Mimi nilishaoshwa, mama," alikuwa akimjibu, na hakuna aliyethubutu kumsukuma zaidi. Shangazi alikufa akilitunza lile bafta chini ya mto. Tulipotaka kumkafini nalo, kwa kuwa ni nguo ya sanda hasa, nilikumbuka alivyonionya: ile si yangu, ina mwenyewe. Tukamnunulia nyingine.

Mwaka jana nililipeleka. Pango lipo, kisima wamekizungushia saruji na bomba linapanda kijijini. Nilipiga hodi, nikangoja. Mama mmoja aliyekuwa anachota aliniuliza nadhiri ya nani. Nilimweleza. "Mdomo umekufa na miguu iko Ulaya," alisema akifikiri. "Basi yachukue maji yaifuate." Nilitundika bafta, nikajaza chupa ya plastiki, nikaisafirisha sandukuni nimeifunika kwa kanga tatu.

Niliporudi Nassor alikuwa hospitali, kiharusi kilikuwa kimemrudisha kwenye kimya chake cha zamani, na muuguzi alinipa beseni bila kuuliza. Safari hii sikutaka yamuumize. Yale ya kisima niliyatia maji moto, nikayajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, yakawa vuguvugu. Nikamvua soksi. Nikaanza na mguu wa kulia.

"Maji baridi, mama," alisema, macho kayafumba.

Nilitazama nyuma yangu, mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Vumilia, mwanangu," nikamwambia. "Si mengi."